Saa ya Gari la Haji Dahir

Mumbuni, Jumamosi alasiri

Mwikali mwanangu,

Ninapoandika haya wewe uko Kathiani unamuaga susu yako, na jinsi ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kuombewa mara tatu. Kwa hivyo nina muda. Baba yako yuko sebuleni anafunga sanduku lako kwa kamba. Nimemwambia sanduku lina zipu. Amenijibu kwamba zipu ni ya maonyesho, safari ni kamba. Nimemwacha.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala za kuchunga simu yako ukishuka Eldoret kuanza masomo. Hayo shangazi yako Mbithe amekuambia tangu Jumatatu, na aliyoyasahau atakuambia kesho kupitia dirishani, gari likiwa limeshaanza kuondoka. Mimi nataka kukueleza jambo moja ambalo tumeishi nalo nyumba moja kwa miaka mitatu na hujawahi kulisikia kutoka mdomoni mwangu. Nimejaribu kulisema. Juzi nilifika karibu kabisa. Tulikuwa tunachambua maharagwe, nikafungua mdomo, nikajisikia nauliza kama umebeba sweta. Nikaona heri niandike. Karatasi haikutazami usoni ukiwa unatafuta maneno.

Wacha nianzie pale redio zilipoisha.

Nilipofungua kibanda changu karibu na soko, kabla wewe hujazaliwa, watu walileta redio kama wanavyopeleka watoto kliniki. Walizifunga kwa leso, wakasimama nje wakingoja niwaambie kama zitapona. Ndipo nikaitwa Mama Redio. Halafu simu zikaja, kila mtu akawa na redio mfukoni, na mimi nikabaki nimekaa na bisibisi mkononi nikitazama watu wakipita. Jina lilibaki, kazi ikaondoka. Unakumbuka mwaka ule nilivyokuwa mkali. Nilikuwa nakugombeza hata kwa kufunga mlango polepole mno.

Siku moja Yusuf akaja, yule mtoto wa akina Haji Dahir wanaouza ng'ombe na mbuzi. Akafungua kitambaa juu ya meza yangu, ndani yake kulikuwa na saa ya mviringo iliyotolewa kwenye dashibodi ya gari. Gari lenyewe ulilijua kabla ya hapo, kila mtu Machakos analijua: lile la Kiingereza, refu, rangi ya maziwa, ambalo Haji alilinunua akiwa kijana na hajakubali kuliuza hata macho yake yalipoondoka.

"Mama Redio, hii utaweza?"

Sikuwa nimewahi kufungua saa ya gari maishani mwangu. Nikasema, "Hiyo ni kazi ndogo."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa na maneno manne tu.

Ndani ya saa zile hakuna betri, na hakuna anayezitia ufunguo. Kuna springi ndogo inayoendesha magurudumu kwa kama dakika moja na nusu. Ikilegea, vipande viwili vya chuma vinagusana, umeme wa gari unaingia kwenye koili, koili inavuta mkono mdogo kwa nguvu, tak! Springi inajaa tena, vile vipande vinaachana, saa inaendelea. Kimya, halafu tak. Kimya, halafu tak. Haya yote unayajua kuliko mimi. Nayaandika tu kwa sababu napenda kuyaandika.

Vipande vya saa ya Haji vilikuwa vimeungua na kuwa vyeusi. Nilivisugua kwa msasa kama mtu anayesugua sufuria iliyoshika ugali. Nikafunga betri. Saa ikapiga tak. Nilifurahi mno hata nikatoka nje kumwita Mama Kioko, rafiki yangu anayeuza nyanya, aje aone. Lakini unamjua Mama Kioko. Tulianza na harusi ya mpwa wake, tukapitia kwa mchungaji, na tulipofika kwenye saa hatimaye, kibanda kilikuwa kinanuka.

"Ndinda," akaniuliza, "hiyo saa yako inapika nini?"

Vile vipande viwili, kwa sababu nilivisugua vibaya, vilikuwa vimegusana na kukataa kuachana. Umeme ukapita kwenye koili bila kupumzika wakati wote tuliokuwa harusini. Koili ikawa kama njugu iliyosahauliwa motoni.

Hapo ndipo ningepaswa kuchukua simu nimwambie Yusuf, "Nimeharibu." Sikumwambia. Nilienda nikanunua saa ya ukutani, ile ya plastiki, nikatoa mtambo wake unaotumia betri ndogo, nikaukata hapa na pale, nikaubandika kwa gundi ndani ya saa ya Haji nyuma ya mishale yake ileile. Ilitembea vizuri sana. Yusuf akaichukua akanishukuru. Usiku ule nililala usingizi mzito, Mwikali, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Ningekuwa nimejigeuzageuza kitandani ningejisamehe mapema.

Siku ya tatu Yusuf akapiga simu. "Mzee anakuita."

Nilimkuta Haji ndani ya gari, uani kwao, kiti cha abiria. Alikuwa na desturi ya kukaa humo kila alasiri baada ya kuswali.

"Keti, Mama Redio."

Nikaketi kiti cha dereva.

"Funga mlango."

Nikafunga. Tukakaa. Nje mbuzi walikuwa wanalia, ndani hakukuwa na sauti yoyote. Tulikaa hivyo mpaka nikaanza kutokwa na jasho.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Sisikii kitu, Haji."

"Hata mimi."

Nikaanza kumweleza kwamba siku hizi saa ni za kisasa, hazina kelele, hazisumbui mtu mzima anayetaka kupumzika. Aliniacha nimalize yote. Halafu akasema, "Ile yangu iko wapi?"

"Ilikuwa... ilikuwa imechoka, Haji."

"Mama, nimeuza ng'ombe miaka hamsini. Mtu akitaka kuniuzia ng'ombe mgonjwa, huniambia amechoka."

Nikaushika usukani.

"Imeungua?"

"Imeungua."

"Yenyewe?"

"Nimeichoma, Haji. Nimeichoma mimi, halafu nikakuficha."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinyoosha mkono akaipapasa dashibodi, taratibu, kama anavyopapasa shingo ya mnyama. "Haya," akasema, "sasa tunaongea." Akaniambia kwamba yeye hahitaji kujua ni saa ngapi, mwadhini humwambia mara tano kwa siku. Alichotaka ni ile tak. Mkewe marehemu alikuwa akilala kwenye gari kila safari, hata ya kwenda Kitui tu, na yeye aliendesha huku saa ikimpa kampani. "Unaweza kuirudisha?"

"Sijui, Haji."

"Hilo ni jibu zuri kuliko lile ulilompa Yusuf."

Nilirudi nyumbani na yale matumbo ya saa yaliyoungua ndani ya mkebe, na hapo ndipo wewe unaingia. Ulikuwa kidato cha pili, mmefunga shule. Tulihitaji kufunga koili upya. Waya tuliupata kwenye transfoma za redio mbovu, hizo nilikuwa nazo za kutosha kujaza lori, na tukaazima cherehani ya shangazi yako kwa sababu ina kile kipini cha kuzungushia uzi. Mimi nilishika waya, wewe ukazungusha na kuhesabu kwa sauti. Ulifika mia sita na kitu, baba yako akaingia, akauliza, "Kesho ni tarehe ngapi?" Ukasema, "Kumi na nane." Halafu ukaendelea, "Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja..." Tulitazamana. Nilitaka kulia, wewe ukaanza kucheka, na baba yako akasimama pale mlangoni akiuliza tarehe kumi na nane ina ubaya gani. Tulifungua waya wote tukaanza upya. Mara ya pili tulimfungia nje.

Koili ikawa nzima. Lakini nilijua ingeungua tena siku vile vipande vikishikana. Ndipo nikapata wazo la kutengeneza bodi ndogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ya kukaa ndani ya saa. Wazo hilo lilikuwa langu, nalidai. Vipande vya chuma visibebe tena umeme wa koili. Viiamshe tu chipu, chipu iiamuru transista, transista iipige koili teke moja fupi na kukata papo hapo, hata vipande vikishikana mpaka Krismasi. Saa ibaki yenyewe, magurudumu yake, springi yake, sauti yake. Mimi nilichora. Wewe, ambaye klabu ya kompyuta shuleni ilikuwa imekufundisha mambo nisiyoyajua, ukaandika ile programu ya chipu kwa siku mbili, umelala kifudifudi sakafuni na biskuti kando.

Siku ya kuifunga garini mara ya kwanza huenda utaisimulia mpaka uwe bibi. Haji alikuwa ameketi mahali pake akingoja. Nilipounganisha waya, moshi ukatoka kwenye dashibodi. Mzee akakohoa mara mbili, akasema, "Alhamdulillahi, leo angalau nanusa kitu." Ulicheka hadi ukajigonga kichwa kwenye usukani na honi ikalia. Kumbe magari mengi ya Kiingereza ya enzi zile yalifungwa kinyume: upande wa chanya wa betri ndio uliounganishwa na mwili wa gari. Fundi yeyote mzee wa magari pale mjini angeniambia, kama ningemuuliza. Sikuuliza kwa sababu mimi ni Mama Redio, na Mama Redio haendi kuuliza gereji.

Tukatengeneza bodi ya pili. Mezani ilifanya kazi kama malaika. Tukiifunga garini, inafanya kazi. Kesho yake Yusuf anapiga simu: imesimama. Naenda naigusa, inaamka. Kesho, imesimama. Wiki tatu. Nilibadilisha transista, nikabadilisha chipu, nikabadilisha waya, nikaanza kushuku unyevu, vumbi, hata yule paka wa Haji anayelala juu ya boneti.

Jioni moja tukiwa mezani ukasema, "Mama, Yusuf akiwasha gari, taa hufifia."

Nikaigeuza bodi mkononi.

"Stata inakunywa umeme wote. Labda chipu inazimia hapo, ikiamka haijui iko wapi."

Nikakuambia, "Nenda ukaoshe vyombo."

Ulienda. Uliviosha, nikavisikia, hukugonganisha hata kimoja. Na mimi nilibaki pale nikiitazama bodi ile huku nikijua, Mwikali, nikijua moyoni kabisa kwamba umesema kweli, na sikuweza kuvumilia kwamba imetoka kwa mtu ambaye juzi tu nilikuwa namfunza kufunga kamba za viatu.

Siku ya pili, ulipokwenda kwa rafiki yako, nilipanda boda boda mpaka kwa Haji na mita yangu ndani ya kiondo. Nikaifunga kwenye waya wa saa, nikamwambia Yusuf awashe. Sindano ya mita ikaanguka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, halafu ikainuka. Basi. Nilirudi nikaongeza kapasita, ule mfano wa tanki dogo la kuihifadhia chipu umeme wakati stata inakunywa, na dayodi ya kuzuia tanki lisirudishe umeme nyuma. Nilipokuambia urekebishe programu, ili betri ikiwa dhaifu koili isipigwe teke la nusu nusu, ulinitazama, ukauliza, "Kwa nini?" Nikasema, "Rekebisha tu."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili. Yusuf akawasha gari, akazima, akawasha, akazima, mara kumi. Halafu tukanyamaza. Haji alikuwa ameinamisha kichwa. Tak. Hakuna aliyesogea. Ikapita dakika moja na nusu ndefu kuliko ibada yoyote niliyowahi kukaa. Tak.

Haji alifuta uso kwa kilemba chake. "Umefanyaje, Mama Redio?"

Nikasema, "Nilifikiria sana, Haji. Nikagundua kwamba gari likiwashwa, taa hufifia."

Ulikuwa kiti cha nyuma na bisibisi mkononi. Nilikuona kwenye kioo. Uligeuka tu ukatazama mbuzi.

Yanayofuata unayajua, lakini nataka ujue kwamba nami nayajua. Yusuf aliirekodi ile saa kwa simu, video ikafika kwa watu wenye magari ya zamani Nairobi na Nakuru na Mombasa, saa zikaanza kuja kwa vifurushi. Kumbe nchi hii ilikuwa imejaa magari ya kifahari yanayoonyesha saa sita kasorobo tangu enzi za babu. Kibanda kikafufuka. Halafu akaja Bwana Oluoch, yule anayefufua magari makuukuu Nairobi, akaishika bodi yetu kwenye kiganja akaigeuza, akauliza, "Hii akili ni ya nani?"

Nikasema, "Yangu."

Ulikuwa unachomelea bodi nyingine. Uliweka chuma cha kuchomelea kwenye kishikio chake, vizuri, kama nilivyokufundisha, ukavaa koti, ukaenda nyumbani. Hukurudi kibandani muhula mzima.

Kwa watu nilisema ni mitihani. Haji aliniuliza pia, siku niliyokwenda kumwangalizia saa.

"Msichana wako haji siku hizi."

"Ana masomo, Haji."

"Hata Jumamosi?"

"Hata Jumamosi."

"Mm," akasema. "Ng'ombe amechoka."

Niliondoka pale uso ukiwaka. Nikapita sokoni nikakununulia viatu. Unavikumbuka, vile vyekundu? Nilikununulia viatu badala ya kusema neno moja, na hata namba sikuipata sawa. Ulivivaa kanisani Jumapili mbili ukitembea kama kuku kwenye makaa, na mimi nikajiambia mambo yamekwisha.

Sasa nikueleze sababu. Kukueleza si kujitetea, ila unaondoka, na siku moja unaweza kukutana na kitu hichohicho ndani yako mwenyewe, kwa sababu damu ni damu. Kule chuo cha ufundi cha kijijini nilikosomea, nilikuwa msichana peke yangu darasani. Mwaka wa pili kipaza sauti kilikufa siku ya wageni, wavulana wakakizunguka saa nzima, mimi nikapita chini ya meza nikakitengeneza. Mwalimu akasimama akawaambia wageni, "Mnaona kazi ya vijana wangu!" Wavulana wakapigiwa makofi. Mimi nilikuwa bado chini ya meza. Toka siku hiyo nilikuwa nangoja mtu aulize, "Nani amefanya hii?" Nilingoja zaidi ya miaka ishirini. Swali lilipokuja hatimaye, nililidaka kwa mikono miwili, sikutazama kama lilikuwa langu. Na wewe nikakuacha chini ya meza.

Ulirudi mwenyewe. Sijui kama unajua jinsi nilivyoshukuru. Ilikuwa likizo, nilikuwa nimejaza meza, ukaingia ukasimama nyuma yangu, ukasema, "Mama, hiyo dayodi umeigeuza." Kweli nilikuwa nimeigeuza. Ukavuta stuli. Hatukuongea habari nyingine. Tumetengeneza saa ngapi tangu siku hiyo, sihesabu, najua tu kwamba tumecheka sana, na kwamba kila mteja aliyesema "hongera, Mama Redio" alikuwa ananiwekea jiwe dogo mfukoni.

Samahani, Mwikali. Lilikuwa wazo lako. Ulilisema vizuri, ulilisema mapema, na nilikutuma ukaoshe vyombo.

Huko uendako kutakuwa na mwalimu au mwenzako atakayekuambia uoshe vyombo, kwa maneno ya kistaarabu zaidi. Vioshe kama ni zamu yako. Halafu rudi na mikono yako imelowa maji uyaseme tena yaleyale. Ulinyamaza kwa sababu mimi ni mama yako, na ulikuwa na adabu, na adabu hiyo nimeifurahia mahali pengine pote isipokuwa pale. Na ukichoma kitu, kwa maana utachoma, piga simu ukiwa bado unasikia harufu. Kila siku niliyongoja iliniongezea kazi.

Alhamisi nilikwenda kwa Haji. Nilimwambia wewe unasafiri kwenda kusomea hii kazi rasmi, halafu nikamwambia lile lingine. Alinisikiliza, akacheka mpaka meno yote matatu yakaonekana. "Mama Redio," akasema, "macho yangu ndiyo yaliyokwenda, masikio hayajaenda popote. Siku ile saa ilipolia, nilisikia mtu akishusha pumzi. Haikuwa pumzi yako. Ilitoka kiti cha nyuma." Alijua muda wote. Amekuombea dua ndefu, mimi nimeelewa maneno mawili tu, lakini nilisema amina kwa nguvu.

Halafu leo asubuhi, ulipokuwa umetoka tu, Bwana Oluoch akapiga simu. Amepata saa za aina nyingine, za gari la Kijerumani, zinampa shida, na anataka tumtengenezee bodi zake. Akaanza kuuliza maswali. "Mama Redio, kwa nini uliweka ile kapasita upande wa chipu peke yake, koili ukaiacha nje?"

Jibu nilikuwa nalo. Ulinieleza mwenyewe mwaka jana, ukichora kwa chaki sakafuni. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na sauti yangu ya Mama Redio ilikuwa tayari.

Nikasema, "Bwana Oluoch, hilo muulize mwenye kuibuni. Yuko Kathiani, anamuaga nyanya yake."

Akauliza, "Kwani si wewe?"

"Mimi nilichoma saa ya mzee wa watu, nikapata wazo la bodi. Kilichofanya bodi iishi ndani ya gari ni cha Mwikali, na programu ni yake yote. Nilikudanganya siku ile."

"Mwikali gani? Yule msichana aliyekuwa akichomelea pale kando?"

"Huyo huyo."

"Alikuwa na umri gani?"

"Kumi na tano."

Nikasikia amecheka polepole, kama mtu aliyeona kitu alichokuwa amekipita. "Nipe namba yake," akasema.

Nimempa. Atakupigia leo saa kumi na mbili, utakuwa umerudi. Mimi nitakuwa jikoni nakaanga kuku wa safari yako, na unajua kuta za nyumba yetu zilivyo. Mweleze yote tangu mwanzo, tangu taa zilipofifia, na ukifika kwenye vyombo usiparuke. Ongea kwa sauti yako yote. Usiipunguze kwa ajili yangu.

Ngai akuathime, mwana wakwa. Mungu akubariki, mwanangu.

Mama yako,
Ndinda